Aanguke, Ila Asivutwe Mkono

Mwaka 2012 mtafiti Karen Adolph wa Chuo Kikuu cha New York na wenzake walichapisha hesabu iliyowashangaza hata walezi wazoefu. Mtoto wa kati ya miezi 12 na 19, akiachwa acheze anavyotaka, alipiga hatua zaidi ya 2,000 na kuanguka mara 17 hivi. Kwa saa moja, si kwa siku. Na hao walikuwa watoto wasio na hitilafu yoyote mwilini. Kwa hiyo mama wa Kilosa mjini au wa Mikumi, mkoani Morogoro, anayemwona mwanawe mwenye mkono dhaifu tangu kuzaliwa akipiga mweleka kutwa nzima, huku kila jirani akiuliza "huyu mtoto ana nini?", ajue kwanza kwamba sehemu kubwa ya maanguko hayo ni ya umri. Hata angekuwa na mikono miwili mizima, angeanguka.

Kinachotofautiana ni namna anavyofika chini, na namna anavyonyanyuliwa.

Mkono huendeshwa na mizizi mitano ya mishipa ya fahamu inayotoka kwenye uti wa mgongo shingoni, kupita nyuma ya mtulinga na kusambaa hadi vidoleni. Wakati wa kujifungua, kichwa kikishatoka na bega likakwama nyuma ya mfupa wa nyonga ya mama, mishipa hiyo huvutika. Ikivutika kidogo hupona yenyewe kwa wiki au miezi kadhaa. Ikichanika au kung'oka, mkono hubaki na udhaifu. Hatari huongezeka mtoto akiwa mkubwa, hasa anayezidi kilo 4, mama akiwa na kisukari, au mtoto akitanguliza matako. Nchini Marekani, ambako takwimu za uzazi hukusanywa kwa karibu, imekadiriwa kuwa tatizo hili humpata mtoto 1 au 2 katika kila 1,000 wanaozaliwa, na wengi wao hupona vizuri. Si mkono uliorogwa, si adhabu ya mama, na mara nyingi si uzembe wa mkunga pia. Bega lililokwama huacha dakika chache tu za kuamua, na mkunga anayesita ili aulinde mkono anaweza kuupoteza uhai wenyewe.

Aina inayoonekana zaidi ilipewa jina la Wilhelm Erb, daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1874. Bega halinyanyuki sawasawa, kiwiko hakikunjiki vizuri, na mkono unaning'inia ukiwa umejipinda kwa ndani hadi kiganja kinatazama nyuma. Vidole huwa vinafanya kazi, ndiyo maana bibi na shangazi husema, "mbona anashika vitu, hana shida." Shida huonekana siku anaposimama.

Mtoto anapokaribia miezi 7 mwili wake huanza kutoa mikono mbele anapodondoka. Baadaye huitoa pembeni, na mwishoni, karibu na miezi 10, nyuma. Hakuna anayemfundisha. Mkono ulioumia mishipa hufika ukiwa umechelewa, au haufiki kabisa, kwa hiyo kinachotangulia chini ni paji la uso, mdomo au bega lenyewe. Tena wengi wa watoto hawa hawakutambaa ipasavyo. Walisota kwa makalio, kwa sababu mkono mmoja haukukubali kubeba uzito. Miezi ambayo wenzao waliitumia kuyajenga mabega na mgongo juu ya viganja, wao waliipita wakiwa wamekaa. Na mikono ndiyo mizani ya mtu anayetembea. Ambaye mkono wake mmoja haupungi huegemea upande, na hupepesuka zaidi anapogeuka, anapokimbia au anapobeba kitu.

Hapo ndipo wakubwa huharibu. Mtoto akidondoka uani, watu watatu hukurupuka, na wa kwanza kufika hudaka kilicho karibu, yaani mkono, na kuuvuta juu. Hata mtoto mwenye afya wa chini ya miaka 5 anaweza kuteguka kiwiko kwa kuvutwa hivyo. Kwa huyu ni vibaya zaidi, kwa sababu bega ambalo misuli ya kuuzungusha mkono nje ni dhaifu na ya kuuzungusha ndani ina nguvu tayari lina tabia ya kuhama taratibu kutoka mahali pake. Mtoto aliyeanza kusimama hana urefu wa kuanguka kwa kishindo. Mtu mzima anayemvuta ana nguvu zote za kuumiza.

Amri ya kwanza ya nyumba, basi, iwe moja na iwahusu wote, kuanzia dada wa kazi hadi kaka mdogo anayesoma chekechea: mkono haushikwi kama mpini. Akianguka, aliye karibu asubiri kidogo kabla ya kugusa. Mtoto humtazama mlezi usoni ili ajue kama jambo limekuwa kubwa, na akikuta uso uliotulia, mara nyingi hatalia. Akihitaji kunyanyuliwa, kiganja kimoja kipite chini ya kifua na kingine chini ya makalio. Kumwinua kwa kumtia vidole makwapani hakufai, maana bega dhaifu hupanda juu na mwili wote huning'inia hapo.

Bora zaidi ni kumwacha ainuke mwenyewe, kwa msaada mdogo. Ageuzwe apige magoti, aletewe kigoda, viganja vyote viwili viwekwe juu yake, ule dhaifu ukiwa umefunguliwa vidole na kushikiliwa kwa upole na mlezi. Kisha alete mguu mmoja mbele, ajisukume. "Haya amka, baba." Mara za mwanzo huchukua muda mrefu, na mama mwenye ndoo kichwani hana muda huo. Ajaribu angalau jioni, kazi zikipungua. Kila kuinuka kwa namna hiyo ni zoezi la bega ambalo mtaalamu angelipanga kwa makusudi.

Ardhi nayo inastahili kukaguliwa. Mikumi ni mji uliokaa kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia, na malori hayalali. Karibu na lami mtoto wa namna hii abebwe tu, bila mjadala, na katika mbeleko mkono dhaifu ukae ndani, mbele ya kifua chake, usining'inie nje ukigonga milango. Kilosa ina mambo yake. Mto Mkondoa ulifurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ukawaacha maelfu bila makazi, kwa hiyo hakuna wa kumshauri mtu wa karibu na mto avunje kizingiti chake kirefu. Lakini kipo kitu cha kuweka upande wa pili wa kizingiti hicho: gunia kuukuu lililojazwa pumba za mpunga na kushonwa mdomo. Ukanda huu unalima mpunga, pumba hazipatikani kwa shida mashineni, na gunia la aina hiyo hupokea kichwa cha mtoto vizuri kuliko saruji.

Kinachomwangusha mtoto anayejifunza kutembea mara nyingi ni badiliko: anatoka kwenye saruji kuingia kwenye udongo, au anatoka kwenye mkeka uliokunjamana kuingia sakafuni. Mkeka utandikwe tambarare au uondolewe. Majembe yasilale uani. Kamba ya mbuzi isipite njiani. Ndoo ya maji ifunikwe au iwekwe juu, maana mtoto aliyetumbukia kichwa akiwa na mkono mmoja wa kujisukumia hatoki. Masika, tope la uani linateleza kama sabuni, na siku hizo achezee ndani.

Jiko lipewe uzito wake. Mafiga na jiko la mkaa ni hatari kwa kila mtoto, lakini mkono wenye hitilafu ya mishipa unaweza kuwa na ganzi, na mwenye ganzi hukawia kuuondoa mkono kwenye sufuria. Mama anayetegemea kilio kumjulisha kwamba mtoto kaungua atachelewa. Mapipa mawili na ubao vinatosha kutenga kona ya jiko.

Ndani ya nyumba peku ni bora, kwa kuwa vidole vya miguu hushika sakafu na unyayo huhisi. Nje avae kiatu kinachokamata kisigino. Kandambili za kaka yake, zinazomzidi kwa inchi mbili na ambazo kila mtoto wa kijijini huziiba kwa furaha, kwa huyu zifichwe. Vivyo hivyo gauni refu linalofika chini. Na kile kigari cha duara chenye magurudumu, ambacho mtoto hukalishwa katikati na kuteleza nacho, wazazi wa mijini hukinunua wakidhani kinafundisha kutembea. Hakifundishi. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004 kwa sababu ya watoto walioanguka nacho ngazini. Kigari cha mbao cha kusukuma, kinachochongwa na fundi wa mtaani, kinafaa zaidi kikiwekewa jiwe la kukipa uzito, mradi mpini wake uwe mnene kiasi cha vidole dhaifu kuushika.

Lakini nyumba haiwezi kugeuzwa godoro lote, na haifai. Mtoto anayebebwa mbeleko kutwa kwa kuogopa nundu hupoteza kile hasa anachokihitaji, yaani mazoezi ya kuyumba na kujirudisha. Afadhali afundishwe kuanguka. Magunia mawili ya pumba chini, mkeka juu yake, na uwanja uko tayari. Akiwa amekaa, mlezi amsukume kidogo pembeni, upande mzima kwanza, kisha upande dhaifu, huku akiimba wimbo wowote wenye neno la kushtukiza mwishoni, na kila mara auongoze mkono dhaifu utoke na kiganja kitue chini. Akizoea, afanye hivyo akiwa amepiga magoti. Mchezo mwingine ni kumlaza kifudifudi juu ya gunia lililoviringishwa na kuliviringisha mbele polepole hadi viganja viguse chini. Mwingine ni mkokoteni: mtoto anatembea kwa mikono, naye mlezi anamshika nyonga. Asimshike vifundo vya miguu, kwa sababu uzito utakuwa mkubwa mno na bega litaporomoka. Dakika chache mara kadhaa kwa siku zinashinda nusu saa ya kilio.

Ulaya ya karne ya 19 ilijaribu njia nyingine, na mgonjwa wake aliingia katika historia ya Kilosa bila kufika huko. Wilhelm wa Pili, mfalme wa Ujerumani wakati Kilosa ilipokuwa na boma la Kijerumani na reli ya kati ikijengwa kutoka Dar es Salaam kuanzia 1905 hadi kufika Kigoma 1914, alizaliwa tarehe 27 Januari 1859 akitanguliza matako, na mkono wake wa kushoto ukaumia mishipa. Ukubwani ulikuwa mfupi kwa takriban sentimita 15. Madaktari wa kifalme waliuingiza mkono huo ndani ya sungura aliyetoka kuchinjwa ili upate joto. Waliupitishia umeme. Kisha, alipokuwa anajifunza kutembea, waliufunga mkono wake mzima mwilini ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, na mtoto akabaki hana cha kujizuia anapoyumba. Baadaye mwalimu wake, Georg Hinzpeter, alimpandisha farasi bila vikanyagio. Mtoto akaanguka, akarudishwa huku akilia, akaanguka tena, siku baada ya siku hadi akapata mizani.

Alijifunza kupanda farasi, hilo ni kweli. Lakini mkono haukupona, na maisha yake yote picha zilimwonyesha akiuficha kwa glavu au kuushikisha upanga. Mwigizaji wa Marekani Martin Sheen, aliyezaliwa 1940 na kuumizwa bega la kushoto kwa koleo la kuzalishia, ana mkono mfupi pia, na amejenga kazi ndefu ya filamu nao.

Kisa cha kufunga mkono mzima kina maana hadi leo. Wataalamu wa tiba kwa vitendo wakati mwingine huuzuia mkono mzima kwa muda mfupi ili kuuamsha mwingine, na habari za mbinu hiyo hufika vijijini nusunusu. Nyumbani isifanywe bila mtaalamu. Ikiruhusiwa, ifanywe mtoto akiwa amekaa, mlezi yuko mbele yake. Hakuna saa ambayo mtoto anayetembea anapaswa kufungwa mkono anaoutegemea kujikinga. Kuufunga ule dhaifu kwa kitambaa ili "usisumbuke" nako ni kosa, kwa sababu bega hukakamaa. Ikiwa bibi anataka kuchua, achue. Mafuta yawe ya uvuguvugu tu, yapimwe kwanza kwenye ngozi yake mwenyewe, asivute kiungo, na wembe wa chale ukae mbali na ngozi yenye ganzi.

Kuvaa nako kuna utaratibu wake: mkono dhaifu huingia kwanza kwenye nguo na hutoka mwisho. Ni jambo dogo, na linaokoa mivuto mingi kila siku.

Kuna suala ambalo vitabu vya Ulaya haviligusi na ambalo huku linaumiza. Mkono ulioumia ukiwa wa kulia, mtoto atakula kwa kushoto. Atapokea kwa kushoto. Atampa babu mkono wa kushoto, na atachapwa kofi la mkono. Wazazi wasingoje hadi hilo litokee. Baba azungumze mapema na wazee, na mwalimu wa madrasa au wa chekechea aambiwe waziwazi: "Mkono wa kulia uliumia alipozaliwa, wa kushoto ndio wa kulia kwake." Wakubwa wengi wataelewa wakielezwa. Mtoto anayelazimishwa kubeba kikombe kwa mkono usio na nguvu ataanguka nacho, na maanguko ya namna hiyo yanaepukika kabisa. Adabu afundishwe kwa shikamoo, ambayo haihitaji mkono.

Akianguka vibaya, ukaguzi ufuate mpangilio. Kichwa kwanza: akipoteza fahamu hata kidogo, akitapika zaidi ya mara moja, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege, akitokwa damu au maji sikioni au puani, au mboni za macho zikitofautiana ukubwa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Mboni ina mtego wake: baadhi ya watoto walioumia mishipa ya shingoni wana jicho moja lenye kope iliyolegea na mboni ndogo tangu kuzaliwa. Mzazi aijue hali ya kawaida ya mwanawe na amweleze mganga, la sivyo jambo la zamani litachukuliwa kuwa jipya. Kisha mtulinga na mkono dhaifu vipapaswe kwa upole na kulinganishwa na upande wa pili. Mifupa isiyobeba uzito huwa myembamba, na penye ganzi kuvunjika hakuleti kilio kikubwa. Uvimbe, au mtoto kuacha kabisa kuutumia mkono aliokuwa akiutumia jana, unatosha kuwa sababu ya picha ya eksirei. Jioni wakati wa kuoga vidole vitazamwe pia, kwani wengine huvitafuna hadi vidonda.

Yapo maanguko ambayo mkono hauyaelezi. Mguu wa upande uleule ukiwa mgumu au akitembea kwa ncha ya kidole, huenda tatizo ni la ubongo na si la mishipa ya bega. Akiwa alikuwa anatembea vizuri kisha akaanza kuanguka zaidi kila mwezi, au akifika miezi 18 bila kutembea kabisa, aangaliwe upya. Mkono uliopooza ghafla baada ya homa ni dharura nyingine kabisa, na huripotiwa kituoni siku hiyo.

Njia ya huduma huanzia kwenye kliniki ileile ya kadi ya mtoto, zahanati au kituo cha afya. Kutoka hapo rufaa huenda hospitali ya wilaya Kilosa. Kwa wa Mikumi ipo Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Juu yake kuna hospitali ya rufaa ya mkoa Morogoro, na Dar es Salaam kuna Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, pamoja na hospitali ya CCBRT ya Msasani. Kwa sera, watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi matibabu katika vituo vya serikali, ingawa nauli na malazi ya Dar hakuna anayeyalipa ila mzazi, kwa hiyo safari ipangwe kwa maana. Neno la kuuliza dirishani ni fiziotherapia, au huduma za utengamao. Upasuaji wa kuunganisha mishipa yenyewe hufanywa zaidi katika mwaka wa kwanza, na mtoto asiyeweza kukunja kiwiko akifika miezi 3 anapaswa kuonwa na mtaalamu wakati huo. Aliyekwisha kutembea huenda amepitwa na dirisha hilo. Hajapitwa na mazoezi, wala upasuaji wa kulegeza bega au kuhamisha misuli, ambao huzungumzwa katika miaka inayofuata.

Mtoto akifika chumba cha daktari hugoma kutembea, au hutembea kama askari. Mzazi achukue video fupi kwa simu nyumbani, akiwa mchezoni na bila kuitwa jina, inayoonyesha anavyoanguka na anavyoinuka. Aandike nyuma ya kadi upande anaoangukia zaidi na saa za siku. Kisha aulize mambo matatu: bega liko mahali pake au limeanza kuhama, ni mkunjo upi usiopaswa kulazimishwa nyumbani, na tarehe ya kurudi ni lini. Na aombe aonyeshwe zoezi kwa mikono, alirudie yeye mwenyewe mbele ya mtaalamu kabla ya kupanda gari la kurudi.